Mwaka Niliougua Tumbo Kila Jumapili

Barua ya kunijulisha kwamba Kapteni Masanja amefariki ilinitafuta katika miji mitatu. Ilikwenda kwanza Kigoma, ambako nilikuwa nimeshahama, ikapelekwa Tabora, ambako pia nilikuwa nimeshahama, mwisho ikanikuta Shinyanga nikiwa nimekalia sanduku ili lifungike. Aliyeiandika ni Odhiambo, mpiga ngoma wetu wa zamani, na nyuma ya bahasha alikuwa ameweka maelezo kwa herufi kubwa: "Kama hayupo mfuateni, huyu hatulii." Nilipanda treni siku hiyohiyo. Nilipofika Mkuyuni, Mwanza, Kapteni alikuwa ameshazikwa, lakini msiba ulikuwa haujavunjika. Wanaume walikuwa wamekaa chini ya turubai, wanawake upande wa jiko, na harufu ya sato wa kuchemsha ilinipokea kabla ya watu. Kwenye kiti pekee chenye mgongo alikaa Bi Zuhura, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, miguu haigusi chini. Niliinama, nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanikagua kuanzia viatu mpaka mvi, kisha akauliza kwa sauti iliyowafikia hata wasonga ugali: "Tumbo lako lilipona?"

Turubai zima lilicheka. Watu waliokuwa na macho mekundu kwa kulia walicheka, na mjane wa Kapteni akajifunika uso kwa kanga huku mabega yakimtikisika. Mimi, mtu wa miaka arobaini na minne, niliona aibu ileile niliyoiona nikiwa na miaka ishirini, mahali palepale, hatua hamsini tu kutoka pale kiti kilipowekwa. Habari za wazazi wangu na za utoto wangu nimeziacha makusudi. Hazichekeshi, na hazikunifanya niwe hivi nilivyo. Kilichonifanya niwe hivi ni mwaka ule mmoja, mwaka wa Uhuru, ambao niliugua tumbo kila Jumapili saa kumi na nusu alasiri.

Nilikuwa nimemaliza sekondari na kupata kazi ya ukarani wa mizani kwenye ghala la pamba. Kazi yenyewe ilikuwa kutazama mshale usimame. Kazi niliyoipenda ilianza jioni, katika stoo ya ngozi iliyokuwa karibu na maji, ambako mwenye stoo aliiruhusu bendi ya Mawe Matatu ifanye mazoezi kwa sharti kwamba tusilalamike. Hatukulalamika. Ngozi za ng'ombe zilipangwa mpaka darini, zimekauka na kukakamaa kama milango, na sisi tulisimama katikati na magitaa mawili, besi, ngoma na tarumbeta la Kapteni. Harufu ile ilituingia hata kwenye nywele. Wasichana wa Mwanza walikuwa wakisema kwamba Mawe Matatu ni bendi ambayo unaijua kabla hujaisikia. Lakini ukuta ule wa ngozi ulikuwa na faida yake: sauti haikupiga mwangwi, kila kosa lilisikika limesimama peke yake, na makosa mengi yalikuwa yangu.

Mimi nilipiga manyanga. Sikupewa nafasi hiyo kwa kipaji. Mpigaji wa kwanza alioa Bukoba akabaki hukohuko, nami nilikuwa nimesimama karibu. Kapteni Masanja, kiongozi wa bendi, mtu mnene, mtaratibu, mchana alikuwa dobi. Pasi yake ya mkaa iliwajua wakubwa wote wa mji kwa makola yao. Hakuwahi kunigombeza kwa makelele. Alisimamisha wimbo, akafuta mdomo wa tarumbeta, akasema, "Sekondari, hayo ni manyanga. Wewe unapepeta mchele." Watu wakacheka, tukaanza tena. Wiki inayofuata: "Sekondari, leo mchele una mawe." Kila mtu aliniita Sekondari, na sikujua kama ni heshima au ni pole. Nilichojua ni kwamba bendi ilipoanza, gitaa la kwanza likaja, besi ikafuata, halafu tarumbeta likapanda juu ya yote, nilikuwa nasikia mgongo wangu ukisisimka kama mtu aliyemwagiwa maji. Nilitaka kitu kimoja tu mwaka ule. Nilitaka kubaki ndani ya sauti ile. Ningefukuzwa kazi ya mizani nisingelia. Ningefukuzwa kwenye bendi, sijui.

Balaa ni kwamba nilikuwa na penzi la pili.

Bi Zuhura alikuwa anasuka mikeka na kufuma vitambaa vya meza, na mumewe, ambaye muda mwingi alikuwa safarini na meli, alikuwa amemletea redio. Si redio ya kushika mkononi kama hizi za sasa. Ilikuwa kabati. Ilikaa juu ya meza uani kwake, imevikwa kitambaa cheupe chenye maua ya pembeni, na nyuma yake iliunganishwa na betri yenye ukubwa wa matofali mawili. Kila Jumapili saa kumi na nusu ilileta mchezo wa kuigiza kutoka Dar es Salaam. Watu wa leo hawawezi kunielewa nikisema mchezo ule ulikuwa mkubwa. Haukuwa vichekesho vya mume mlevi na mke mwenye mwiko. Ulikuwa kisa kimoja kilichokwenda wiki baada ya wiki, chenye watu wengi, kila mmoja na sauti yake na kikohozi chake, na ndani yake mvua ilinyesha, milango ililia, treni ilipita. Kijana Sudi alikuwa anamtafuta kaka yake aliyepotea. Bwana Fikirini, mwenye sauti laini kama mafuta, alijua kaka huyo alipo na hakutaka ajulikane. Ndiyo hivyo tu. Lakini tulikaa mikekani, karibu watu sitini, tukila michembe, yaani viazi vitamu vya kukaushwa, iliyochemshwa na karanga, na Fikirini alipocheka hakuna aliyetafuna.

Sisi tulipiga dansi kila Jumapili kuanzia saa tisa mpaka magharibi, kwenye ukumbi ulio upande wa pili wa barabara. Sasa fikiria. Saa tisa ukumbi unajaa. Saa kumi unatoa jasho. Saa kumi na robo watu wanaanza kutazamana. Ikifika na nusu tumebaki na walevi wawili na mtu mmoja kiziwi, ambaye kwa kweli alicheza vizuri kuliko wote. Kapteni alivumilia Jumapili tatu. Ya nne alitukusanya kwenye stoo ya ngozi, akatoa amri: mtu wa Mawe Matatu atakayeonekana uani kwa Bi Zuhura saa za dansi, huyo si wa Mawe Matatu tena. Alipokasirika, ulimi wake wa Kisukuma ulirudi wote. "Ledio!" alisema. "Mtu mzima anakaa chini anasikiliza sanduku! Sanduku halitoki jasho!"

Ndipo nilipoanza kuugua. Jumapili ya kwanza nilijishika tumbo saa kumi na dakika ishirini na tano, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikavuka barabara kwa kuinama, nikajibanza nyuma ya ua wa mabua wa Bi Zuhura, sikio kwenye tundu. Saa kumi na moja nilirudi, uso nimeukunja kama mgonjwa. Kapteni akanitazama kwa huruma. "Tumbo linasemaje?"

"Linasokota, Kapteni."

"Limekwisha, au linaendelea wiki ijayo?"

Nilijibu kwamba nahofia litaendelea. Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari. Jumamosi iliyofuata aliniletea dawa katika chupa ya soda, maji ya kijani machungu kupita kiasi, akasimama mbele yangu mpaka nikaimaliza. Aliniletea kila Jumamosi. Odhiambo, ambaye ngoma zake zilikuwa karibu na mlango na aliona njia niliyoelekea, alininong'oneza, "Ndugu yangu, kama huo mchezo hautaisha mwaka huu, utakufa kwa kupona." Nilikunywa. Mpaka leo nikionja kitu kichungu namwona Fikirini.

Nimezunguka sana tangu wakati huo. Nimekaa Bukoba kwa sababu ya mpiga saksafoni mmoja, nimekaa Kisumu kwa sababu ya bendi iliyovunjika wiki niliyofika, na miaka ya karibuni nilikwenda Unguja nikakaa miezi minne kwa ajili ya televisheni tu, maana huku bara hatuna. Nilikuwa nakaa na watoto wa mtaa mbele ya kioo, natazama michezo ya kuigiza, na nilipenda, siwezi kusema sikupenda. Lakini kila mtu kwenye kioo ana sura aliyopewa. Fikirini wa Bi Zuhura alikuwa na sura sitini. Yangu ilikuwa ya mwalimu wangu wa hesabu.

Ilipofika kiangazi, baada ya mavuno, ukumbi ulikuwa umebaki na kiziwi peke yake. Asubuhi ya Jumatatu moja Kapteni alikwenda mwenyewe kwa Bi Zuhura na kanzu za mumewe zilizopigwa pasi. Nguo za watu wengine alizipeleka kwa baiskeli na kuzirusha mlangoni. Za nyumba ile alizibeba mikononi kila Jumatatu na kuingia nazo ndani, na sisi tulijua ni heshima kwa kanzu. Jumatatu hiyo alirudi amebadilika uso. Alikuwa amemtolea changamoto.

Mtu asiye wa huku huenda asielewe. Kapteni alikulia upande wa Misungwi, na huko, baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu havishindani kwa maneno. Vinawekwa uwanja mmoja, siku moja, saa moja. Huku wanacheza hawa, huku wale, na watu wako huru kukimbia popote. Hakuna kura wala jaji mwenye kalamu. Watu wanaamua kwa miguu yao: upande uliobaki na umati wakati jua linazama ndio ulioshinda, na aliyeshindwa anatukanwa kwa nyimbo mwaka mzima. Kapteni alikuwa amemwambia Bi Zuhura kwamba redio yake ni ngoma kama ngoma nyingine, basi ije uwanjani. Jumapili. Ikishinda, Mawe Matatu watahamisha dansi. Ikishindwa, ifunikwe kitambaa kila Jumapili. Bi Zuhura, ambaye alikuwa mtoto wa mjini, baba Mnyamwezi, mama kutoka Ujiji, na ambaye hakuwahi kukimbia ngoma yoyote, alijibu, "Niletee meza imara tu. Redio yangu haipandi juu ya pipa."

Wiki ile mji haukufanya kazi. Mjomba wake Kapteni, Mzee Luhende, alikuja kutoka Misungwi na mkoba wa ngozi, maana ngoma ya Kisukuma haiendi mashindanoni bila dawa ya kuvuta watu. Alinyunyiza tarumbeta, akanyunyiza magitaa, na aliponifikia mimi alitazama manyanga, akamtazama Kapteni, akauliza, "Na haya tuyasaidie?" Kapteni akasema dawa isiharibiwe.

Upande wa Bi Zuhura waliingiwa na hofu. Wao hawakuwa na dawa, walikuwa na betri, na ile ya zamani ilikuwa imechoka; mumewe alikuwa amemletea mpya. Alhamisi niliitwa kwa siri, kupitia uani. Nilimkuta Bi Zuhura na wanawake watano wamelizunguka lile tofali kama wanaolinda mgonjwa. "Sekondari," akasema, "wewe mwanangu umesoma. Hii ina nguvu ya kutosha? Siku hiyo redio lazima ifunguliwe sauti mpaka mwisho, watu watakuwa wengi."

Hapa ningeweza kusema sijui. Ningesema sijui, kisa hiki kisingekuwepo. Lakini nilikuwa natazamwa na wanawake sita, nami kila siku nilikuwa naitwa mpepeta mchele. Mwanza nzima ilijua kwamba betri za tochi zikichoka unazianika juani zinaamka. Kila paa la bati lilikuwa na betri mbili tatu zimelala kama dagaa. Nikafikiri, kama jua linaiamsha betri iliyokufa, betri mpya litaipa nguvu kiasi gani? Nikalisema hilo kwa sauti ya darasani, nikaongeza neno joto na neno nishati. "Iwekeni juu ya bati," nikasema. "Siku tatu. Mchana kutwa."

"Ndiyo faida ya kusoma," akasema mwanamke mmoja. Wakanipa kitumbua.

Jumapili uwanja ulijaa kuanzia saa nane. Watu walikuja kwa miguu kutoka Buhongwa, wengine wamebeba viti kichwani. Wavuvi walikuja na nyavu mabegani kwa sababu hawakutaka kuzirudisha nyumbani na kukosa mwanzo. Upande wa mawe tulisimama sisi, Kapteni katika koti jeupe alilolipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Upande wa barabara, juu ya meza imara, ilikaa redio na kitambaa chake, na mbele yake Bi Zuhura, mikono kifuani, kama mama wa bibi harusi. Mzee Luhende alikaa katikati kwenye kigoda kutazama miguu ya watu.

Tulianza. Sijawahi kusikia bendi ikipiga vile, si Bukoba, si Kisumu. Vumbi lilipanda mpaka viunoni. Umati wote ulikuwa wetu; wanawake wa mikekani walisimama, hata wale watano wa betri nikawaona wanatikisa mabega. Kapteni alipiga tarumbeta macho ameyafumba, na mimi, kwa mara ya kwanza, nilisikia manyanga yangu yakienda na wengine. Nikafikiri, tumeshinda. Nikafikiri pia, kwa upande ule mwingine wa moyo, kwamba Jumapili iliyopita mchezo ulikatika Sudi akiwa ameinama kwenye ukingo wa kisima na Fikirini anakuja nyuma yake.

Saa kumi na nusu Bi Zuhura aligeuza kifundo. Redio ikatoa sauti yake kubwa, ukaja muziki wa kufungulia mchezo, na umati ulihama. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Watu mia kadhaa waligeuka kwa pamoja, kama kundi la ndege, wakatuachia vumbi na kiziwi. Tulimtazama Kapteni atuambie tupige kwa nguvu zaidi. Yeye akashusha tarumbeta. "Pumzikeni," akasema. "Tuwaache wachoke." Odhiambo akamkumbusha kwamba kwenye mashindano hakuna kupumzika. "Nimesema kimya!" Kapteni akamkemea, na uwanja wote ukawa kimya, redio peke yake ikisema.

Majani makavu yalivunjika chini ya viatu. Hatua. Hatua nyingine. "Sudi, geuka!" akapiga kelele mama mmoja, na watu wakamwambia shh. Sauti ya Fikirini ikaja, laini: "Kijana wangu, unatafuta nini humo kisimani?" Na hapo, kwenye neno kisimani, ilianza kufifia. Ilikwenda mbali, kama mtu anayeshuka mlima huku anaongea, ikawa ya mbu, halafu haikuwepo. Bi Zuhura aligeuza kifundo. Akaipiga ubavuni. Akaigusa betri, akaondoa mkono haraka kwa sababu bado ilikuwa ya moto. Upande mmoja ulikuwa umevimba na unatoa uji mweusi.

Kisha alinitafuta katika watu mia kadhaa, akanipata. "Sekondari!" akasema. "Si ulisema jua?"

Wanawake watano walinitazama: huyu ni wa bendi, ametuulia betri. Bendi ilinitazama: huyu alikuwa kwa Bi Zuhura, anawafundisha. Kapteni akageuka polepole. "Jua gani?" akauliza. Nilijishika tumbo kwa mazoea. Hakuna aliyecheka. Niliona wazi kwamba jua likizama nitakuwa sina bendi, sina mkeka, na pengine sina meno, maana wavuvi walikuwa wameanza kusogea, nao walitaka tu kujua Sudi kapatwa na nini.

Basi nikapanda juu ya kiti cha mtu. Sikupanga. Nilifungua mdomo, ikatoka sauti laini kama mafuta: "Kijana wangu, unatafuta nini humo kisimani?" Ilikuwa sauti ya Fikirini kabisa, miezi mingi nyuma ya ua wa mabua ilikuwa imenikaa kooni. Wavuvi wakasimama. Nikawa Sudi: "Namtafuta ndugu yangu, bwana." Nilihitaji hatua juu ya majani makavu, nikajikuta nimeshika manyanga. Nikayatikisa mara moja. Krashi. Mara ya pili. Krashi. Mama yuleyule akapiga kelele, "Sudi, geuka!" Mkono wangu, ambao haukuwahi kushika mpigo wa wimbo wowote, uliijua miguu ya Fikirini kama miguu yangu. Nyuma yangu Odhiambo akaanza kugonga ngoma kwa kidole, polepole, moyo wa Sudi. Gitaa la pili likaleta upepo. Nikamleta Fikirini hatua moja, nyingine, akanyoosha mikono, na kwa kuwa sikujua watu wa Dar es Salaam wamepanga nini, nilifanya nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo wa mwaka. Nilimfanya Sudi ageuke. Fikirini akapiga hewa, akateleza, na kutoka upande wa mawe tarumbeta la Kapteni likashuka, likashuka, likashuka, noti baada ya noti, mpaka chini kabisa ambako lilitoa sauti moja nzito ya maji.

Uwanja ulilipuka. Watu walikumbatiana. Mvuvi mmoja alitupa wavu wake juu ukawaangukia watu wa Buhongwa. Mzee Luhende alisimama kutazama umati uko upande gani, akazunguka mara mbili, akatangaza kwamba hajawahi kuona jambo hili: watu wote wako katikati. Kapteni akanijia. Aliyachukua manyanga mkononi mwangu, akayatazama, akanirudishia. "Usiyapige tena," akasema. "Wewe utakuwa unatembea nayo."

Jumapili iliyofuata betri nyingine ilipatikana, na bendi nzima ilikaa mikekani, Kapteni mbele. Redio ilipofunguka, Fikirini alikuwa mzima, anaongea. Watu walitazamana. Huko Dar es Salaam alikuwa amemsukuma Sudi kisimani, na Sudi alikuwa amevunjika mguu. "Huyu anayesema ni nani?" akauliza yule mama. "Si tulimzika?" Mwingine akasema ni mzimu. Baada ya majadiliano marefu, wavuvi ndio waliokata shauri: redio imekosea. Watu wa Dar wanasimulia kwa mbali, sisi tulikuwepo. Bi Zuhura akazima mwenyewe. Tangu siku hiyo, Jumapili saa kumi na nusu, dansi lilisimama, mimi nikapanda kitini, na Mawe Matatu wakapiga mvua, milango na treni. Uhuru ulipokuja tulikuwa uwanjani na kisa kipya. Tuliipeleka michezo yetu Misungwi, tukavuka nayo mpaka Ukerewe, na kule ndiko nilikoonja ladha ya kufika mahali usipojulikana na kuondoka wanakutaka. Ladha hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mwaka uliofuata niliondoka, na sijakaa popote tangu hapo.

Haya yote yalinirudia chini ya turubai, sahani ya ugali magotini. Nilimuuliza Bi Zuhura swali lililonisumbua miaka yote: je, Kapteni alinisamehe ule uongo wa tumbo?

"Uongo gani?" akasema. "Alijua tangu Jumapili ya kwanza. Ile dawa ilikuwa mwarobaini. Aliniambia, kama kijana anaupenda mchezo kweli atakunywa." Akaendelea, safari hii taratibu. "Yeye mwenyewe angefanyaje? Amewakataza watu, hawezi kuvunja amri yake. Kila Jumatatu alinijia na kanzu, anakaa pale kwenye kizingiti, hatoki mpaka nimemsimulia yote. Jumatatu ile nikachoka. Nikamwambia, Masanja, sisimulii tena, uje usikilize kama watu. Ndiyo akaleta maneno ya mashindano."

Nikakumbuka alivyoshusha tarumbeta mashindanoni kabla ya wakati, na kile kimya alichokiamuru. Odhiambo, aliyekaa karibu akitusikiliza, aliweka kijiko chini.

"Betri bado ninayo," Bi Zuhura akasema. "Inazuia mlango wa jiko. Nikifagia, naitoa nje juani kidogo. Huwezi kujua." Halafu akagonga mkono wa kiti. "Haya. Maliza kisa cha Sudi. Masanja hajasimuliwa tangu alazwe na ugonjwa wake."

Kijana mmoja wa nyumba ile alileta manyanga. Nikasimama. Nilitikisa hatua moja, ya pili, na Odhiambo akagonga moyo wa Sudi kwenye sufuria. Lakini nilikuwa mtu mzima msibani, na niliona ni vizuri mara moja katika maisha yangu kusema kweli mbele ya Kapteni. Nikamleta Fikirini mpaka nyuma ya Sudi, nikanyoosha mikono yake, nikamfanya amsukume, kama ilivyokuwa kwenye redio.

"Hapana," akasema Bi Zuhura. Hakupaza sauti. "Umekosea. Fikirini ndiye aliyeanguka. Masanja mwenyewe alimpigia maji."

Watu wote walikuwa wananingoja. Nikarudi nyuma, nikamtoa Sudi kisimani, nikaanza tena na hatua ya kwanza.